Kutengeneza gemu yako ya Game Boy, NES au Sega bila kuingia matatani na sheria: mwongozo kamili

Kuna watu wanaogopa kabisa kugusa konsoli za zamani kwa sababu wamesikia Nintendo wanashtaki kila mtu, na kuna wengine hawaogopi kitu, wanachukua picha za Mario wanazibandika kwenye gemu yao halafu wanatangaza kaseti zinauzwa. Wote wamekosea. Kutengeneza gemu yako mwenyewe ya NES, Game Boy, Mega Drive au Dreamcast, hizi ambazo wenyewe wanaziita homubru, siyo kosa na kuiuza pia siyo kosa. Battle Kid ya NES ilitoka 2010, Pier Solar ya Mega Drive ikatoka mwaka huohuo, Xeno Crisis ikaja 2019, Micro Mages ya Wajerumani imeingia yote ndani ya kilobaiti 40, na zote hizo zimeuzwa kwenye kaseti bila leseni ya mwenye konsoli.

Mi natengeneza bao la kiswahili kwa ajili ya Game Boy, lile la mashimo 32 na kete 64, na kabla sijafika mbali nilikaa nikasoma hizi kesi moja moja. Nilichokiona ni kwamba maswali yote ya sheria kwenye hii kazi yanarudi kwenye swali moja: kila baiti iliyomo kwenye romu yako (faili la gemu lenyewe, lile linaloingia kwenye kaseti) imetoka wapi, na uliipataje?

Kabla ya hatua, kesi mbili za 1992

Hizi kesi ni za Marekani lakini ndizo zilizoweka msingi, na ukizielewa nusu ya mwongozo umeshaimaliza.

Ya kwanza ni Sega na Accolade. Accolade walikuwa California, walitaka kuuza gemu za Genesis (Mega Drive hiyohiyo, Marekani iliitwa Genesis) lakini masharti ya leseni ya Sega hawakuyataka. Wakanunua konsoli na kaseti dukani kama mteja yeyote, wakazifumua, wakasoma msimbo wa mashine mpaka wakaelewa konsoli inaongeaje na kaseti, wakaandika maelezo yao, halafu gemu zenyewe wakaziandika upya kutoka kichwani mwao. Kwenye romu za baiti laki 5 mpaka milioni 1 na nusu, walichokuwa wamekopi ni kama baiti 20 mpaka 25 tu za kuwashia. Mahakama ya chini ikawapa Sega ushindi, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9 ikaipindua Oktoba 1992, ikasema kufumua programu ni matumizi ya haki, yaani hayahitaji ruhusa ya mwenyewe, kama hiyo ndiyo njia pekee ya kufikia yale mambo ya kiufundi yasiyolindwa na hakimiliki, na una sababu halali ya kuyataka.

Ya pili ni Atari Games, wale waliouza kaseti kwa jina la Tengen, na Nintendo. NES ina chipu ya kufuli inaitwa 10NES, bila hiyo kaseti haiwaki vizuri. Atari Games walihangaika kuifumua wakashindwa, basi wakili wao akaenda ofisi ya hakimiliki ya Marekani mwaka 1988 akasema anahitaji kopi ya msimbo wa 10NES kwa ajili ya kesi, na kesi yenyewe wakati ule haikuwepo. Akapewa. Wakatengeneza chipu yao wakaiita Rabbit, na Septemba 1992 mahakama ya rufaa ikawabana. Na angalia hapa pakoje: mahakama ile haikusema kufumua ni kosa, ilisema ukitaka kufumua uwe na kopi uliyoipata kwa haki. Wote wawili walitaka kufungua mlango uleule, mmoja akapita, mwingine akakamatwa, kwa sababu ya namna walivyoingia.

Hatua ya 1: fungua daftari la asili

Leo, kabla hujaandika mstari wowote. Mi langu ni faili la maandishi tu ndani ya folda ya mradi, kila kitu kinachoingia kwenye gemu nakiandikia mstari: jina la faili, nani kakitengeneza, tarehe, nimekitoa wapi, leseni gani, na kama nimelipa basi risiti iko wapi. Historia ya git (programu inayotunza kila badiliko la msimbo na tarehe yake) nayo inasaidia sana maana inaonyesha kazi imekua siku kwa siku, ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Unaona ni usumbufu, lakini mi liliniokoa mapema. Jamaa mmoja alinichorea vigae (vipande vidogo vya picha) vya ubao na mikono ya wachezaji, kazi nzuri kweli, nilipomuuliza nijaze daftari mkono ule kaupata wapi akajibu bila wasiwasi kwamba kautoa kwenye gemu fulani ya zamani akaugeuza rangi. Hakuwa na nia mbaya, alidhani gemu ikishakuwa ya miaka ya 80 haina mwenyewe. Tukachora upya jioni ileile.

Na hilo la "haina mwenyewe" tulimalize hapa. Gemu kutouzwa tena madukani hakuondoi hakimiliki. Marekani kazi iliyotolewa na kampuni inalindwa miaka 95 tangu itoke, kwahiyo Super Mario Bros. ya 1985 inalindwa huko mpaka mwisho wa 2080. Na usiseme mi nipo Mwanza au Mombasa hawanihusu, Kenya iliingia mkataba wa kimataifa wa hakimiliki wa Berne 1993 na Tanzania 1994, maana yake kazi ya kampuni ya Kyoto kama Nintendo inalindwa kwetu kama ya mtu wa hapa. Uzuri wa mkataba uleule ni kwamba gemu yako na wewe inalindwa huko kwao tangu siku umeiandika, bila kuisajili popote.

Hatua ya 2: wazo lako liko upande gani

Hakimiliki hailindi wazo wala kanuni za mchezo, inalinda namna ulivyolieleza. Bao nalitengeneza bila kumuomba mtu: kunamua, mtaji, kutakata, nyumba, hizo ni kanuni, ni za watu wote. Ila nikichukua kitabu cha mtu kilichoelezea kanuni za bao nikayanakili maneno yake kwenye skrini ya msaada, hapo nimechukua kitu chake.

Sasa wengi wakishasikia kanuni hazilindwi wanaenda kutengeneza Tetris. Tahadhari. Kampuni ya Xio ilishtakiwa na Tetris Holding huko New Jersey, ikajitetea hivyohivyo kwamba imechukua kanuni tu, mwaka 2012 jaji akaangalia umbo la vipande, ukubwa wa uwanja, kivuli cha kuonyesha kipande kitatua wapi, muonekano mzima, akasema hapana, hiki ni kilekile. Kwahiyo gemu ya vitu vinavyoanguka tengeneza, lakini ionekane yako: maumbo yako, uwanja wako, rangi zako.

Na gemu ya mhusika wa mtu mwingine usiitengeneze hata kama ni bure, hata kama unaandika "kwa mapenzi tu". Kuna jamaa alitumia miaka 7 kuihamishia Super Mario Bros. kwenye Commodore 64, kazi ya ufundi wa hali ya juu, akaitoa Aprili 2019 na ndani ya siku chache Nintendo wakaiondoa. Streets of Rage Remake ilichukua miaka 8, ikatoka 2011, Sega wakaomba iondolewe. Miaka 7 na miaka 8 ya maisha ya watu, na ufundi uleule ungewapa gemu yao wenyewe ambayo hakuna wa kuigusa. Hili linaniuma kila nikilifikiria.

Hatua ya 3: angalia zana zako (hapa ndipo wengi wanateleza bila kujua)

Kila konsoli ilikuwa na vifaa rasmi vya kutengenezea gemu, SDK, ambavyo kampuni iliwapa waliosaini mkataba tu. Vingi vimevuja na vipo mtandaoni, na gemu ukiijenga navyo kipande cha maktaba ya kampuni (msimbo wao ulioandikwa tayari) kinaingia ndani ya romu yako. Hapo hata kama picha ni zako, muziki wako na wazo lako, unasambaza msimbo wa mtu.

Mfano ulio wazi ni Portal 64. Ilikuwa gemu ya kompyuta ya Portal imeundwa upya kwa ajili ya Nintendo 64, na Januari 2024 mtengenezaji wake akaeleza kwamba Valve, ambao ndio wenye Portal, wamemuomba aiondoe kwa sababu mradi ulitegemea maktaba za Nintendo. Na mbadala upo, libdragon, maktaba huru ya Nintendo 64 isiyo na kipande cha Nintendo.

Kwa hiyo chagua hivi. Game Boy tumia GBDK-2020, au RGBDS kama unapenda kuandika assembly (lugha iliyo karibu kabisa na ya mashine), au GB Studio kama hujui kuprogramu kabisa. NES tumia cc65. Mega Drive tumia SGDK. Dreamcast tumia KallistiOS, achana na Katana ambayo ndiyo ilikuwa rasmi. PlayStation ya kwanza tumia PSn00bSDK, achana na PsyQ. Xbox ya kwanza ni nxdk, siyo XDK.

Ukishachagua soma leseni yake, dakika 10 tu. GB Studio na SGDK zipo chini ya MIT, cc65 ipo chini ya zlib, zote zinakuruhusu kuuza. Zenye MIT zinataka tangazo lao la hakimiliki libaki, we liweke kwenye faili la maandishi linaloambatana na romu au nyuma ya kijitabu. Penye GPL, leseni inayotaka ukisambaza kazi yenye kipande chake utoe na msimbo, usikimbie lakini soma kwa makini: kompaila (programu inayogeuza msimbo wako kuwa romu) kuwa GPL hakuifanyi gemu yako kuwa GPL, ila ukiunganisha maktaba ya GPL ndani ya gemu yenyewe hapo ndipo masharti yanakufuata, isipokuwa kama leseni imeandika msamaha wa kuunganisha, na nyingine zimeandika.

Halafu kuna vitu vilivyovuja vya ndani kabisa, msimbo wa gemu na konsoli za Nintendo uliomwagika 2020, na kuna gemu za zamani ambazo watu wamezifumua zote wakazirudisha kuwa msimbo unaosomeka. Usikopi humo. Vilivyovuja mi naenda mbali zaidi, nasema usisome kabisa, ukishasoma siku ukiandika kitu kinachofanana huwezi kuthibitisha kimetoka kichwani. Maelezo ya vifaa yaliyoandikwa na jamii kwa kupima konsoli zenyewe yapo mengi na yanatosha.

Hatua ya 4: nembo ya kuwashia

Swali ninaloulizwa kuliko yote. Game Boy ikiwashwa inasoma baiti 48 kwenye kaseti, kuanzia anwani 0104 mpaka 0133 (kwa hesabu ya heksadesimali), hizo ni nembo ya Nintendo, inazilinganisha na zilizomo ndani yake, zikitofautiana inagoma pale pale. Game Boy Advance ni hivyohivyo ila baiti 156. Kwahiyo bila nembo yao gemu yako haiwaki, na nembo ni alama yao ya biashara. Ni mtego uliowekwa makusudi, ili anayekopi ashtakiwe kwa alama.

Sega walifanya mtego wa aina hiyo. Mega Drive za baadaye zilitaka neno SEGA liandikwe sehemu fulani, likikubaliwa skrini inaonyesha kwamba gemu imetengenezwa na Sega au kwa leseni yao. Wakawashtaki Accolade na kwa hilo pia, na mahakama ikasema huo ujumbe wa uongo umesababishwa na Sega wenyewe kwa kuufanya kuwa ufunguo wa kuwashia mashine, Accolade hawakuwa na njia nyingine ya wazi. Ndiyo sababu watengenezaji wa homubru wanaziweka hizo baiti.

Cha kufanya wewe: iache zana iweke zile baiti, RGBDS ina rgbfix kwa kazi hiyo, na usiongeze hata pikseli moja zaidi ya inayotakiwa kuwasha. Usiitumie nembo hiyo kwenye skrini yako ya mwanzo, kwenye lebo wala kwenye tangazo. Ulinzi wako uko kwenye neno "lazima", ukiiweka mahali ambapo siyo lazima ulinzi umeisha. Skrini yangu ya kwanza baada ya kuwaka imeandikwa nani katengeneza na kwamba haina leseni ya Nintendo.

PlayStation ya kwanza ina data ya leseni ya Sony inayokaa mwanzo wa diski. Kifaa cha mkpsxiso kinakutaka uilete mwenyewe, hakiji nayo, na sababu ndiyo hiyo. Usiisambaze ndani ya mradi wako. BIOS (programu ya kampuni iliyomo ndani ya konsoli) nazo hivyo, ya konsoli yoyote ile, usiambatanishe.

Kwa walioko Ulaya, haki ya kufumua programu ili yako iendane nayo imeandikwa kabisa, kifungu cha 6 cha maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2009/24/EC, ila ina masharti: uwe na kopi halali, taarifa iwe haipatikani kirahisi kwingine, ufumue sehemu unayohitaji tu, na usiitumie kutengeneza programu inayofanana na ile.

Hatua ya 5: picha, sauti, maandishi

Kila kitu usichochora au kupiga mwenyewe kina karatasi yake. Leseni za Creative Commons, ambazo wasanii wanazitumia kuruhusu kazi zao zitumiwe, zina herufi na kila herufi ina maana: BY ni umtaje mwenye kazi, SA ni kazi utakayoibadilisha uitoe kwa leseni ileile, NC ni usifanye biashara. Watu wanapitwa na hiyo NC, gemu inaanza bure, mwaka wa pili wanataka kuuza kaseti, kumbe muziki wote ni NC. Uliza swali la biashara siku ya kwanza hata kama leo hujafikiria kuuza.

Muziki una tabaka mbili. Wimbo wa Bach hauna mwenyewe tena, lakini faili la MIDI alilopanga mtu juzi linaweza kuwa na mwenyewe, kwahiyo panga noti wewe. Na nyimbo zetu msidhani ni za bure kwa sababu ni za kwetu. Mtunzi wa taarabu au dansi analindwa Kenya na Tanzania maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ngoma za asili nazo zina sheria, Kenya kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa na tamaduni za jadi, kwahiyo ukitaka kuuza gemu yenye wimbo wa jamii fulani nenda kaongee na wenyewe kwanza.

Ukimlipa mtu akuchoree au akupigie muziki, andikianeni. Kulipa peke yake sehemu nyingi hakukupi hakimiliki. Karatasi moja inatosha: majina, kazi gani, kiasi gani, anakuhamishia hakimiliki au anakupa ruhusa ya kutumia, kwenye konsoli zipi, na atatajwaje. Na kama umeajiriwa kwenye kampuni ya programu, soma mkataba wako wa kazi, ipo mikataba inayosema unachoandika ni cha mwajiri.

Hatua ya 6: jina na boksi

Tafuta jina la gemu kwenye hifadhi ya alama za biashara ya WIPO (shirika la kimataifa la haki miliki) na kwenye TMview, kisha kwa wasajili wa alama, BRELA kama uko Tanzania au KIPI kama uko Kenya. Mi jina la kwanza nililipenda sana nikalikuta limesajiliwa kwa gemu za simu, nikalitupa siku hiyohiyo.

Jina la konsoli unaruhusiwa kulitaja kueleza ukweli, "inacheza kwenye Game Boy", kwa herufi za kawaida. Usichukue nembo yao, usiige mpangilio wa boksi lao mpaka mtu adhani ni rasmi, na ule muhuri wa ubora wa Nintendo usiuweke hata kwa mapambo. Nyuma andika kwamba alama za biashara ni za wenyewe na gemu hii haikutengenezwa wala kuidhinishwa nao. Sentensi hiyo haikukingi ukiwa umekosea kwingine, ila inaondoa hoja ya kwamba ulitaka kuwachanganya wateja.

Hatua ya 7: kaseti yenyewe

Hapa pamekuwa rahisi. Hataza (patent, haki ya mvumbuzi) hudumu miaka 20 tangu maombi, kwahiyo hataza za enzi za NES zimeshakufa, ile ya kitufe cha msalaba cha Nintendo iliisha 2005. Hataza ya Namco ya kuweka gemu ndogo wakati wa kusubiri kupakia, ya 1995, ikaisha 2015. Chipu ya kufuli ya NES siku hizi inatengenezwa upya kwa chipu ndogo kama ATtiny, we nunua kwa anayekuonyesha msimbo wake na leseni yake.

Angalia maganda. Ganda la zamani la Game Boy lina jina la Nintendo limechomoza kwenye plastiki, na mapya mengi kutoka viwandani China yanakuja na jina hilohilo limeigizwa. Mwambie muuzaji unataka tupu, omba picha kabla ya kulipa, na usipokee mzigo wenye nembo maana forodhani unaweza kuhesabika ni bidhaa bandia hata kama gemu ndani ni yako halali.

Hatua ya 8: kuuza romu na emuleta

Ukitaka mteja acheze kwenye kompyuta, wengi wanafunga romu pamoja na emuleta, programu inayoigiza konsoli. Soma leseni ya hiyo emuleta: Snes9x na Genesis Plus GX hazikuruhusu kuziuza kibiashara bila idhini, mGBA ipo chini ya MPL 2.0 na unaweza ukifuata masharti yake. Kama huna uhakika uza romu peke yake, mteja ana emuleta yake.

Hatua ya 9: ukipata barua

Tulia, usijibu kwa hasira na usifute kitu chochote kwenye mradi wako. Soma wanadai nini hasa: hakimiliki, alama ya biashara, au kuvunja kufuli, maana majibu yake ni tofauti. Kisha fungua daftari la asili, tafuta mstari wa kitu wanachokilalamikia. Kama kweli ni chao, kitoe, jibu kwa heshima kwamba kimeondolewa, tengeneza toleo jipya.

Kama siyo chao na gemu imeondolewa kwa notisi ya DMCA (sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni) kwenye tovuti ya Marekani, unaweza kutuma notisi ya kupinga, na tovuti inatakiwa kuirudisha kati ya siku 10 na 14 za kazi kama mlalamikaji hajafungua kesi. Lakini kabla hujaituma jua unasaini nini: unaapa kwamba unachosema ni kweli, unatoa jina na anwani yako halisi, na unakubali mahakama ya shirikisho ya Marekani iwe na mamlaka juu yako hata ukiwa Tanga. Hapo ndipo pa kutafuta wakili wa hakimiliki, na ukienda kwake mpelekee barua yenyewe, romu iliyoondolewa, karatasi za wasanii wako na lile daftari, vyote vikiwa na tarehe.